Nakivale: Ziwa la Kina cha Watu Wawili

Mji wa Mbarara, ulio yapata kilomita 270 kusini-magharibi ya Kampala, hujulikana kwa ng'ombe wake wenye pembe ndefu na kwa kambi yake ya jeshi iliyoitwa Simba zamani. Ni wachache mno wanaoufikiria mji huo kuwa mlango wa nchi ya maji. Lakini msafiri anayeuvuka mto Rwizi na kuishika barabara ya lami iendayo Kikagati, kwenye mpaka wa Tanzania, hupita kwanza katika vilima vya Isingiro vilivyofunikwa na migomba toka bondeni hadi kileleni. Malori yaliyosheheni matoke hupishana naye yakielekea Kampala. Kisha akiiacha lami na kugeukia mashariki, upande wa gombolola ya Ngarama, migomba huanza kupungua, ardhi hukauka, miti ya miiba huzidi, na vumbi jekundu humfuata nyuma kama moshi. Hapo ndipo, mahali ambapo hakuna mtu angetarajia maji, huonekana chini bondeni bapa la fedha lililozungukwa na ukanda wa kijani kibichi. Hilo ndilo Ziwa Nakivale.

Ziwa lenyewe ni dogo. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 26 tu, na mahali penye kina kirefu kuliko pote hapafiki mita nne: urefu wa watu wawili, mmoja juu ya mwingine, si zaidi. Ziwa Victoria, ambalo maji ya Nakivale huishia humo baada ya safari ndefu ya vinamasi na vijito, lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000 na kina cha mita 80 hivi. Ziwa Tanganyika huteremka mita 1,470. Ukilinganisha na hayo, Nakivale ni sahani. Hata hivyo sahani hiyo hulisha na kunywesha umati wa watu ambao maziwa mengi makubwa hayajapata kuuona ukingoni mwao, na kwa sababu hiyo habari zake zinastahili kusimuliwa kwa urefu kuliko upana wake.

Nakivale halikai peke yake. Ni moja katika mlolongo wa maziwa mafupi ya nchi ya Ankole na Koki: Mburo, Kachera, Kijanebalola na mengine madogo, yote yakiunganishwa na vinamasi vya mafunjo na kulishwa hasa na mto Rwizi, ule ule unaowapa maji wakazi wa Mbarara. Wataalamu wa miamba husema kwamba zamani mito ya sehemu hizi ilitiririka kwenda magharibi. Ardhi ya upande huo ilipoinuka polepole, mito ikazuiwa, ikarudi nyuma, na maji yakajaa katika mabonde. Ndivyo lilivyopatikana Ziwa Victoria lenyewe. Mwaka 2006 maziwa ya Mburo na Nakivale pamoja na vinamasi vyake yaliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Heshima hiyo ni kubwa, ingawa mvuvi mwenye wavu uliotoboka hajapata kuiona ikimletea kitoweo.

Wenyeji wa zamani wa nchi hii hawakuwa watu wa maji. Wahima walikuwa wachungaji; chakula chao kilikuwa maziwa, na kwa jadi yao samaki hakuliwa. Ziwa lilikuwa mahali pa kunyweshea mifugo, basi. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ilipolitangaza rasmi eneo la Nakivale kuwa makazi ya wakimbizi, waliofika hapo kwanza walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959, na wengi wao nao walikuwa watu wa ng'ombe. Ni jambo la ajabu kidogo, lakini ndivyo ilivyokuwa: kwa muda mrefu ziwa hili lilizungukwa na watu walioligeuzia mgongo, wakitazama malisho.

Mambo yalibadilika kadiri vita vya nchi jirani vilivyozidi kuwasukuma watu kuja Uganda. Walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na watu wa Sudan. Leo makazi ya Nakivale, ambayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika, yana watu zaidi ya laki moja, wakiishi pamoja na wenyeji katika vijiji vilivyotawanyika kwenye kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Kila jamaa hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, ingawa vipande hivyo vimekuwa vikipungua ukubwa kadiri watu wanavyoongezeka. Lugha inayowaunganisha sokoni, kisimani na mtumbwini ni Kiswahili. Katika Uganda, ambako kwa miaka mingi lugha hii ilihesabiwa kuwa ya askari na wachuuzi, Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 iwe lugha rasmi na ifundishwe kwa lazima mashuleni. Huko Nakivale uamuzi huo uliwakuta watoto wanaizungumza tayari, wakichanganya ya Bukavu na ya Bujumbura, na kuinyoosha kwa namna yao wenyewe.

Miongoni mwa waliokuja walikuwamo watu waliozaliwa na kulelewa juu ya maji. Mkimbizi aliyetoka Uvira au Fizi, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, amezoea kuvua usiku kwa taa, akiwavuta ndagala kwa mwanga juu ya kilindi kisichoonekana mwisho. Aliyetoka Kivu anawajua sambaza, samaki wadogo walioletwa katika ziwa hilo kutoka Tanganyika mwaka 1959. Naye Msomali hutoka katika nchi yenye pwani ndefu kuliko nchi yoyote ya bara la Afrika. Watu hao wote wamejikuta mbele ya sahani moja ya maji ya tope, juu ya mwinuko wa zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo ndagala hayupo na mawimbi ya chumvi hayajulikani. Elimu waliyokuja nayo iliwabidi waipime upya.

Safari ya majini huanza kabla ya mapambazuko, upepo ungali umelala. Mitumbwi ya hapa ni ya mbao, mirefu na myembamba, iliyozibwa nyufa kwa kalafati, nayo huendeshwa kwa makafi. Mahali penye maji mafupi zaidi, kwa upondo. Wawili hupanda: mmoja mbele kwenye gubeti, akiangalia, na mwingine nyuma tezini, akiongoza. Mwanzoni hupita katika mfereji mwembamba uliokatwa katikati ya mafunjo, ambao pande zote mbili umezibwa na kuta za majani marefu kuliko mtu. Sauti hubadilika humo ndani. Makafi husikika kama yanapiga chumbani, na ndege wasioonekana huruka ghafla karibu na uso. Kisha mfereji hufunguka, na ziwa lote hulala wazi, jeupe, likitoa mvuke.

Mtu aliyezoea kilindi hudhani kwamba maji mafupi ni maji salama. Wavuvi wa Nakivale hawadhani hivyo. Ziwa fupi huamka upesi. Upepo wa alasiri ukivuma huchafua maji hadi chini, na mawimbi mafupi yaliyosongamana huingia mtumbwini kabla mtu hajapata nafasi ya kuugeuza. Aidha, tope la chini ni laini na zito. Mwenye kuanguka na kujaribu kusimama huzama magotini na kushikwa. Jaketi la kuelea ni kitu cha bei kubwa kwa mtu anayeishi kwa mgao wa chakula, kwa hiyo wengi huenda bila hilo, nao ni vijana ambao baadhi yao hawajui hata kuogelea, kwa kuwa walizaliwa milimani. Hili ni jambo la kusikitisha, na dawa yake si ngumu: dumu tupu lililofungwa vizuri kifuniko, likafungiwa kamba mtumbwini, limeokoa watu wengi katika maziwa ya Afrika Mashariki.

Tena kuna kiboko. Kina cha ziwa hili kinamfaa mno, kwa kuwa mnyama huyo hapendi kuogelea bali hutembea juu ya sakafu ya ziwa, akainua pua kila baada ya dakika chache kuvuta hewa. Mchana hukaa majini kwa makundi. Usiku hupanda nchi kavu na kula hadi kilo 40 za majani, na shamba la mahindi lililo karibu na ukingo halina tofauti machoni pake na malisho mengine. Wavuvi wazoefu hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi wanapokaribia mahali anapokaa, ili asikie na kuinuka mbali nao. Hatari kubwa ni kumshtukia chini ya mtumbwi, au kusimama njiani kati yake na maji wakati wa alfajiri anaporudi. Mama anayeteka maji na mtoto anayekwenda kutega samaki kabla ya jua kuchomoza ndio wanaokutana naye saa hiyo. Askari wa zamu wanaofanya doria kandokando ya maziwa wanaijua kanuni hii vizuri: njia yenye mashimo mawili ya miguu yanayokwenda sambamba, na majani yaliyokatwa mafupi kama kwa wembe, ni njia ya kiboko, na haipitwi gizani. Akionekana kijijini, taarifa hupelekwa kwa viongozi wa eneo, polisi, au Mamlaka ya Wanyamapori. Si kazi ya vijana wenye mikuki.

Lakini haifai kumlaumu kiboko kwa yote. Samadi anayoiacha majini hurutubisha vijimea vidogo sana, vijimea hivyo huliwa na samaki, na samaki ndiye anayefika sufuriani. Mahali ambapo viboko wameuawa wote, mara nyingi wavuvi wa karibu huona tofauti.

Katika samaki wa ziwa hili, anayetafutwa kuliko wote ni ngege. Jina hilo leo hupewa samaki wa aina mbili tatu zinazofanana, na Watanzania huwaita sato au perege. Ngege wa asili, yule aliyekuwa fahari ya Ziwa Victoria zamani, karibu atoweke katika ziwa hilo kubwa baada ya nyavu kuzidi na baada ya sangara na sato kutoka mahali pengine kupandikizwa humo toka miaka ya 1950. Wataalamu wamemkuta akiwa hai katika baadhi ya maziwa madogo ya pembeni, yakiwamo haya ya Koki, ambayo sangara hakuyafikia. Hivyo vidimbwi ambavyo mtu mwenye haraka angevidharau vimekuwa ghala la mbegu ya ziwa kubwa.

Malezi ya ngege yanafaa kujulikana katika kila nyumba inayopika samaki. Dume huchimba kiota mchangani, mahali pa maji mafupi karibu na majani, na kukilinda. Jike hutaga hapo, kisha huyachukua mayai yote kinywani mwake na kwenda nayo. Humo kinywani mayai huanguliwa, na vifaranga hukaa. Hata wakianza kuogelea, wakiona kivuli hurudi mbio na mama hufungua kinywa wakaingia. Siku zote hizo mama hali kitu, au hula kidogo sana. Kwa hiyo mvuvi anayekokota kokoro kandokando ya mafunjo hachukui samaki mmoja mmoja. Anavibomoa viota, anachukua mama akiwa na mamia ya watoto kinywani, na waliotemwa kwa hofu hubaki juu ya mchanga wakifa. Ndoo moja ya samaki wadogo kama kidole, ambayo sokoni huuzwa kwa bei ya chini, ingekuwa magunia baada ya miezi michache.

Wa pili ni kambale mamba, ambaye katika Uganda huitwa mamba tu, na hapa ndipo ziwa hili linapogusana na dunia ya mbali. Samaki huyu mrefu kama nyoka mnene, anayeweza kufikia mita mbili, ana mapafu. Akizuiwa kufika juu kuvuta hewa, hufa maji kama binadamu. Ziwa linapokauka pembeni hujichimbia topeni, hujikunja, hujifunika kwa utelezi unaokauka ukawa kama mfuko wa karatasi, akaacha tundu dogo la pumzi, na kulala. Anaweza kukaa humo miezi mingi bila chakula wala maji, mpaka mvua irudi. Mlinzi wa mayai na vifaranga ni dume, na akikaribiwa huuma vibaya. Meno yake ni kama mabamba ya kusagia, nayo huyatumia kupasua konokono.

Nchi ya Australia husifiwa kote duniani kwa miamba ya matumbawe iliyo mashariki yake, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,300, na kwa papa, kasa na samaki wa rangi zote wanaokaa humo. Mabaharia wengi wameandika habari za pwani hiyo. Lakini nyuma ya pwani hiyo hiyo, katika jimbo la Queensland, ndani ya mito ya Mary na Burnett yenye maji matamu, anaishi ndugu wa mamba wa Nakivale. Mtaalamu Gerard Krefft wa jumba la makumbusho la Sydney alimtangaza kwa ulimwengu wa elimu mwaka 1870, na wasomi wa Ulaya wakashangaa, kwa kuwa ukoo huu walikuwa wakiujua zaidi katika mawe ya kale. Yule wa Australia ana pafu moja, wa Afrika ana mawili. Yule anaweza kuishi kwa mashavu yake maji yakiwa mazuri, huyu wa kwetu hawezi. Ukoo wao ulikuwapo kabla Afrika na Australia hazijaachana. Mmoja wa samaki hao alipelekwa Marekani mwaka 1933, akawekwa katika jumba la samaki la Shedd mjini Chicago, na akaishi humo hadi mwaka 2017, zaidi ya miaka 80, akitazamwa na watoto, kisha na watoto wa watoto hao.

Mwaka 2009 serikali ya Australia ilikataa mpango wa kujenga bwawa kubwa katika mto Mary, kwa ajili ya viumbe adimu wa mto huo, naye samaki mwenye pafu akiwamo. Huko mji ulihitaji maji na samaki akapewa haki yake. Bila shaka ni rahisi zaidi kuamua hivyo katika nchi tajiri. Hapa Nakivale mizani ni nzito kuliko hiyo, kwa kuwa upande wa pili wa mizani hakuna bwawa la saruji. Kuna mtoto anayesubiri chakula cha jioni.

Waganda wanamheshimu mamba kwa njia yao. Ukoo wa Mamba ni miongoni mwa koo kubwa kabisa za Buganda, na watu wake hawamli samaki huyo. Mkuu wa ukoo huo, mwenye cheo cha Gabunga, ndiye aliyekuwa mkuu wa mitumbwi ya Kabaka, yaani jemadari wa majini, na mwaka 1875 msafiri Stanley aliishuhudia mitumbwi hiyo kwa mamia ikienda vitani dhidi ya Wavuma. Askari wa leo wa vikosi vya majini wana wahenga, basi, katika nchi ambayo haina bahari. Aidha, katika sehemu nyingi kandokando ya Ziwa Victoria wanawake wa zamani hawakumla mamba hata kidogo, wakimhesabu kama ndugu. Siku hizi wengi wameuacha mwiko huo. Nyama yake hukaushwa kwa moshi, kisha huchemshwa ikatiwa karanga zilizotwangwa, na mwenye kuionja mara ya kwanza bila kuambiwa ni nini huomba aongezwe.

Shida ya ziwa haikuanza majini. Ilianza juu, vilimani. Miti ilipokatwa kwa kuni na makaa, mvua ilipata njia ya kuuteremsha udongo hadi ziwani, na katika ziwa la mita tatu na nusu kila sentimita ya tope ni hasara. Mafunjo yaliyokuwa yakiuchuja udongo huo yalifyekwa mahali pengi ili kupata bustani yenye unyevu, maana mwaka wa ukame, kama ule wa 2016 ambao njaa iliingia Isingiro hata katika nyumba za wakulima wa migomba, ukingo wa ziwa ndio peke yake unaobaki kijani. Mwenye kulima hapo hawezi kuitwa mharibifu kwa moyo mwepesi. Lakini akilima hadi kwenye maji, msimu wa pili shamba lake lenyewe limo ziwani.

Halafu ndipo zikaja nyavu. Sheria ya Uganda hukataza nyavu zenye matundu madogo na uvuvi wa kukokota, na mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kuisimamia sheria hiyo katika maziwa ya nchi. Wenye viwanda vya samaki walisifu. Wavuvi wadogo walilalamikia ukali, mitumbwi iliyochomwa na viboko vya mkono. Malalamiko hayo hayapasi kupuuzwa, hasa na wale wanaovaa sare. Wavu uliochomwa leo hushonwa mwingine kesho ikiwa tumbo ni lile lile. Mkimbizi hana mshahara, na wavu wa halali ni ghali kuliko wa magendo. Mahali ambapo askari, wavuvi na viongozi wa vijiji walikaa chini ya mti mmoja wakakubaliana sehemu za kuacha samaki wazae, kazi ya doria imekuwa nyepesi. Mahali ambapo amri ilikuja peke yake, kokoro lilihamia usiku.

Maji yenyewe nayo ni habari nyingine. Ziwa hili ndilo bomba la makazi. Mashine huyavuta maji, yakatiwa shabu ili tope litulie chini, kisha klorini ya kuua vijidudu, ndipo yakasambazwa kwenye vituo ambako majerikeni ya manjano hupangwa mstari tangu alfajiri. Mashine ikiharibika au mafuta yakiisha, akina mama huteremka ziwani moja kwa moja. Hapo wazazi wana jambo la kuwafundisha watoto. Katika maziwa na madimbwi ya Uganda mna kichocho. Mayai ya mdudu wake hutoka katika choo na mkojo wa mgonjwa, huingia majini, hupata konokono, na kutoka kwa konokono mdudu hutoboa ngozi ya mtu anayeoga au kusimama majini. Hakuna haja ya kuyanywa. Basi maji ya ziwa yakitekwa na kuachwa siku mbili ndani ya chombo kilichofunikwa, mdudu huyo hufa na maji hufaa kuogea. Ya kunywa lazima yachemshwe. Na mahali penye mamba wengi, konokono hupungua. Kumbe samaki anayezuiwa kuvuliwa ovyo ni daktari wa bure.

Watoto wa Nakivale hujifunza ziwa mapema kuliko vitabu vyao. Huwatambua ndege kwa kazi zao: mnandi azamaye na kuibuka mahali pengine, mdiria anayesimama hewani juu ya maji kabla ya kujitupa, furukombe mwenye kichwa cheupe ambaye sauti yake husikika ng'ambo. Korongo mwenye taji, aliye katika bendera ya taifa, hutembea kwenye majani ya ukingoni kwa madaha ya ofisa anayekagua gwaride. Mtoto wa Kisomali humfundisha mwenzake wa Kikongo jina la papa, ambaye yeye mwenyewe amemsikia kwa bibi yake tu. Huyo naye humweleza namna ndagala wanavyoruka chini ya taa ya karabai. Shule zikiwa na madarasa yaliyojaa kupita kiasi, mwalimu mwenye busara huwapeleka ukingoni na kufanya somo la sayansi huko huko, mbali na njia za kiboko.

Umbali usio mkubwa kutoka hapo liko Ziwa Mburo, ndani ya hifadhi iliyofanywa kuwa ya taifa mwaka 1983. Huko watalii hulipa fedha nzuri kupanda mashua yenye injini pale Rwonyo, wakaonyeshwa kiboko, mamba mwenye magamba na furukombe, kisha wakanywa chai. Maji ni ya mfumo mmoja, ndege ni wale wale, na hata kiboko hana habari ya mpaka. Mvuvi wa Nakivale huyaona hayo yote kila siku bila kulipa, akiwa ameketi juu ya ubao wenye upana wa shubiri mbili, na hana nafasi ya kupiga picha.

Mvua za vuli zikianza mnamo Septemba, ukingo wa ziwa hupanda tena hadi katika mafunjo, na kambale mamba huingia humo kutengeneza viota vyake. Ndio msimu ambao vijana hushawishika kuwafuata na mikuki, maana katika maji ya kifundo cha mguu samaki mwenye uzito wa mtoto wa miaka mitatu huonekana waziwazi. Dume halikimbii. Hukaa palepale juu ya mayai yake, likipanda kila baada ya muda kuvuta pumzi, na pumzi hiyo husikika ng'ambo ya majani kama mtu anayeshusha mzigo.